Msimu Tuliozima Namba Tatu

6 Januari

Mvua imerudi baada ya kusuasua tangu Krismasi, na ofisi yetu hapa Kalangalala inavuja palepale ilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu. Nimesogeza meza. Nelly, anayepokea simu za wateja, kasema nisogee mpaka Mwanza kabisa, huko ofisi zina dari.

Kamili, meneja wetu, katuita mchana. Namba tatu ya huduma yetu ya simu kwa wakulima inaondolewa. Wafadhili wamemaliza muda wao na kampuni za simu hazitubebi bure. Namba moja ya mvua na namba mbili ya bei ya pamba zitabaki, kwa sababu huko mtu anapiga mwenyewe, anasikiliza, anakata. Tatu ndiyo inayotumaliza. Kiongozi wa kikundi akibonyeza tatu akasema neno lake, mashine yetu inawapigia wanakikundi wote na kuwasikilizisha sauti yake. Tuliianzisha ili watu waitane kwenye palizi na mikutano. Wakaipenda kuliko mvua yenyewe.

"Nani atawaambia?" nikauliza, na wote wakanigeukia mimi. Wana haki. Huduma yetu inaitwa Jirani, na sauti inayojibu humo, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, ni yangu. Nikienda kwetu upande wa Segese, wanawake wasionijua kwa sura wananijua nikifungua mdomo.

8 Januari

Niliandika hivi: "Tarehe 20 Januari tunaondoa namba tatu. Hatuwezi tena kuilipia. Haitarudi. Tafuteni njia nyingine ya kuitana."

Kamili akasoma, akavuta midomo. "Vaileth, hii ni talaka, siyo tangazo." Akakaa kwenye kiti changu akaiandika upya: "Mpendwa mteja, katika kuboresha huduma zetu, kuanzia tarehe 20 Januari mawasiliano ya vikundi yatapatikana kupitia aplikesheni yetu mpya. Asante kwa kuendelea kuwa nasi."

Nikamwambia sioni mahali panaposema kwamba kuna kitu kinaondoka. Akasema ndiyo maana ni nzuri.

Nusu ya watu wetu wana kitochi kisichojua aplikesheni ni mnyama gani. Na waliipenda tatu kwa sababu haikuwataka wasome. Sasa tunawapelekea maandishi kuwaambia kwamba sauti imekwisha. Nilijua yote haya, nikatuma. Mshahara ni mshahara.

9 Januari

Mvua kutwa. Hakuna aliyelalamika. Kamili kafurahi, katununulia chipsi mayai.

15 Januari

Sasa hofu ni yangu. Tarehe ishirini watu watabonyeza tatu wakute imekufa, na hasira zao zote zitamwagika kwa Nelly na kwangu. Nimetoa wazo, na Kamili kanisifu mbele ya wenzangu: tatu isife ghafla. Iendelee kuitika, imrekodi mtu, imshukuru, basi. Kuwapigia wanakikundi ndiko kutakokoma. Watu watazoea polepole, kama mtoto anavyoachishwa ziwa.

Nikaingia kwenye kile chumba chenye magodoro ukutani nikarekodi kwa sauti yangu ya kubembeleza: "Asante. Ujumbe wako umepokelewa." Kwa Kisukuma nikaongeza wabeja sana, asante yetu ya nyumbani, mwishoni, ipate utamu.

20 Januari

Imezimwa. Kimya. Mahindi ya jirani wa ofisi yameota mpaka mlangoni.

24 Januari

Kimya bado. Nelly anashona mto.

2 Februari

Mama mdogo Febronia amenipigia leo baada ya misa. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Kwao wanamwita Mama Ndaki, kwa jina la mwanawe. Nikadhani anataka kunieleza hali ya babu Ngusa, baba yake, ambaye tangu mvua zianze hainuki kitandani.

"Klara wa Mzee Jilala amekufa," akasema.

"Lini?"

"Jumanne. Kazikwa Jumatano. Mimi nimejulia jana gulioni, Vai, nimeshika nyanya mkononi. Mtu ananiambia poleni na msiba. Msiba gani? Ananitazama kama mchawi."

Lazima niandike jinsi mambo ya kwetu yalivyo, maana mjini watu wanasahau. Mzee Jilala ni mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Mtu akifa, kila kaya inatoa mtu, na mtu huyo anakuja na jembe, au kuni, au maji kichwani. Hakuna anayealikwa kwa heshima, unaitwa tu. Zamani waliitana kwa yowe: nyumba ya kwanza inapiga, ya pili inapokea, mpaka linavuka mbuga, lile bonde la tope linalogawa kijiji, na kufika upande wa pili. Tatu ilipokuja, yowe likaachwa. Mzee Jilala alikuwa akibonyeza tatu, anasema jina la marehemu na saa ya kuchimba, na simu zote zinalia. Kwenye mikutano yetu tulimsifu mno kwa ubunifu huo. Mimi mwenyewe nilimpiga picha.

Kwa hiyo Jumanne ile mkewe alipokata roho alibonyeza tatu. Waliokuwa karibu walisikia kilio kwa masikio yao wakaja, wala hakuna aliyekumbuka kuulizia simu. Wa ng'ambo ya mbuga, anakokaa mama mdogo, hawakusikia kitu. Mbuga imejaa maji na siku hizi hakuna anayevuka bila kuitwa. Kaburi la Klara, mwanamke aliyezika kijiji kizima, lilichimbwa na watu wachache kwenye tope mpaka kesho yake, na jeneza likasubiri kwenye mvua.

"Mzee Jilala anasema alitupigia," mama mdogo akasema. "Anasema mashine ilimjibu kabisa. Ilimwambia asante."

Nilikuwa ninakula muhogo. Nikaendelea kuushika tu. Nilitakiwa kusema palepale, na badala yake nikamwambia pole mama, yataisha.

4 Februari

Nimemwambia Kamili. Naye siyo mtu mbaya, alifunga kompyuta akashika kichwa. Nikamwomba tupige simu moja ya mwisho kwa wote, kwa sauti, kusema kweli. Akasema tukiwaambia leo kwamba tulizima wiki mbili zilizopita tukaendelea kuwashukuru, hata namba moja na mbili wataziacha, na hapo hakuna ofisi wala mshahara wa Nelly. "Tuache ipite," akasema. "Msiba umeshazikwa."

Nikarudi kwenye meza yangu. Inavuja na huku nilikoihamishia.

11 Februari

Haukupita. Chama kimekaa. Kila kaya ya ng'ambo ya mbuga itozwe mbuzi kwa kumtelekeza mwenyekiti. Walijitetea kwamba simu hazikulia, hakuna aliyesikiliza, basi wakalipa mmoja mmoja ili yaishe, na kila aliyelipa ni kama amekiri. Amebaki mama mdogo.

"Mbuzi ninaye," kanieleza kwenye simu. "Nikimtoa nimesema niliisikia simu nikakaa. Klara alinizalisha Ndaki kwa mikono yake. Siwezi kusema nilimsikia Klara kafa nikakaa."

Basi wamemtenga. Kwetu neno hilo halina mzaha. Hapewi moto, hachotewi maji, salamu yake haiitikiwi. Na akifiwa, hakuna jembe litakaloingia kwake. Babu Ngusa yuko ndani anakohoa, na kila mtu anajua msiba unaofuata ni wa nani.

Namuona mama mdogo kichaa, halafu namuona ndiye mtu pekee mwenye akili katika habari hii yote.

14 Februari

Leo nimempigia Mzee Jilala mwenyewe, bila ruhusa ya mtu. Nimeandika maneno yake kabla sijayasahau, ingawa sidhani kama nitayasahau.

"Shikamoo baba. Pole sana na mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Tumeshapoa."

"Baba, simu ile haikwenda. Tatu tuliizima kabla. Watu wa ng'ambo hawakupigiwa. Kosa ni letu, siyo lao."

Nikasikia kuku nyuma yake.

"Vaileth. Wewe ni mtoto wa dada yake Febronia."

"Ndiyo baba, lakini..."

"Mimi nilibonyeza, mke wangu yuko kitandani hajafunikwa uso. Ukanijibu wewe. Siyo mashine, wewe. Ukasema asante, ujumbe umepokelewa, wabeja sana. Sasa leo unaniambia haukwenda. Kama siku ile ulinidanganya, leo nikuamini kwa lipi? Na kama siku ile ulisema kweli, leo unamtetea mama yako. Chagua mwenyewe."

Akanitakia usiku mwema, na ilikuwa mchana.

15 Februari

Sikwenda kazini. Homa, nimesema. Siyo homa.

22 Februari

Pamba inapaliliwa. Namba moja inasema mvua juu ya wastani. Namba moja haijawahi kumdhuru mtu.

3 Machi

Ndaki kapita ofisini, katokea Nyarugusu anakochimba dhahabu, matope mpaka kwenye kope. Anampelekea babu dawa. Kaniuliza kwa nini watu wamemtenga mama yake, yeye kule duarani, ndani ya shimo la dhahabu, kasikia nusunusu. Nikamweleza yote. Hakunitukana. Kasema tu, "Kwa hiyo unajua," akaondoka na dawa zake. Heri angenitukana.

10 Machi

Mvua. Nelly kamaliza mto wake, umeandikwa KARIBU JIRANI. Nikalia, akadhani nimeupenda.

19 Machi

Naandika nikiwa kijijini, kwenye kigoda cha mama mdogo, nguo hazijakauka.

Babu Ngusa alifariki juzi alfajiri. Nilipanda basi la kwanza la Kahama, nikashuka Segese, nikavuka mbuga kwa miguu, viatu kichwani. Nyumba ilikuwa kimya namna ambayo nyumba ya msiba haiwi. Hakuna moto nje, hakuna wanawake, hakuna sufuria. Ndani, mama mdogo alikuwa amekaa karibu na baba yake peke yake, anamfukuzia nzi kwa kanga. Nyuma ya nyumba Ndaki na wenzake wawili wa machimboni walikuwa wanachimba. Wanachimba vizuri sana, ndiyo kazi yao, pembe zimenyooka kama za duara la dhahabu. Lakini mzee wa kijiji kuzikwa na wageni wakati majirani wamekaa ndani mwao ni aibu ambayo ukoo unaibeba vizazi.

"Wamepita barabarani," mama mdogo akasema. "Wamegeuza uso. Mayu Zipora, yule mama jirani, alikuwa analia huku anageuza uso. Mwache, naye anaogopa."

Nikatoka. Nikaenda nyumba hadi nyumba nikipaza sauti, kama zamani: babu Ngusa amefariki, njooni. Sauti wanaijua. Milango ikafunguka, watu wakasimama vizingitini, na hakuna aliyeshika jembe. Mwishowe nikavuka mbuga tena, nikafika kwa Mzee Jilala. Wazee wa chama walikuwa wamekaa kibarazani kwake, nadhani walikuwa wanaongea hilohilo, maana walinyamaza ghafla.

Nilipiga magoti kwenye tope. Sikuyapanga maneno. Nikasema, "Baba, usiniamini mimi. Iamini simu yako. Waite watu wako waje na simu zao."

Nadhani alikubali ili anikomeshe mbele ya watu. Wakaja, maana walikuwa karibu wote nyuma yangu, wamenifuata kwa udadisi. Nikaomba ungo. Kila mmoja akaweka simu yake kwenye ungo, vitochi vyenye mipira, moja imefungwa kwa uzi, mpaka ungo ukajaa. Wale wa ng'ambo waliolipa mbuzi nao wakaweka.

"Bonyeza tatu, baba. Sema chochote."

Akabonyeza, akafungulia spika. Sauti yangu ikatoka, tamu, kavu kabisa katika mvua ile: karibu Jirani, sema ujumbe wako. Akasema kwa Kisukuma, polepole, "Ngusa amekufa. Njooni tuchimbe." Na mimi nikamjibu kutoka ndani ya simu: asante, ujumbe wako umepokelewa, wabeja sana.

Tukangoja. Mtu mmoja akainama karibu na ungo. Mtoto akalia, akanyamazishwa. Hakuna simu iliyolia. Tukangoja tena. Matone yalikuwa yanadondoka juu ya vioo vya simu, na hakuna aliyenyoosha mkono kufuta.

Mzee Jilala akabonyeza tena, bila mtu kumwambia. Ikamshukuru tena. Hapo nikaona uso wake, na ningetoa chochote nisiuone. Tangu Januari alikuwa amewakasirikia watu wa ng'ambo kwa kumwacha mkewe kwenye mvua, na hasira ile ndiyo iliyomfanya asimame wima. Sasa hakukuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa mimi niliyepiga magoti pale, na yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo hawakukataa kuja," akasema.

"Hawakukataa baba. Hawakuitwa."

Akaingia ndani. Nikadhani amenifungia mlango. Akatoka na jembe.

Akashika njia ya mbugani, na wengine wakachukua majembe wakamfuata. Mama mdogo alisimama mlangoni, akamwona yeye mbele na majembe nyuma yake mpaka mwisho wa macho. Mzee Jilala akavua kofia. "Febronia, tulikukosea." Mama mdogo akasema, "Karibuni, kaburi bado halijafika kina." Ndipo akalia, kwa sauti kubwa, na wanawake wakampokea kilio, na nyumba ikawa nyumba ya msiba.

20 Machi

Chama kimekaa. Walioonewa warudishiwe mbuzi wao. Mimi nimetozwa ng'ombe. Nimeshukuru. Nilikuwa naogopa hawatanitoza chochote.

24 Machi

Nimemwambia Kamili nitarekodi upya, aniruhusu au anifukuze. Karuhusu. Alisoma nilichoandika, akakuta ni kile cha tarehe nane Januari na maneno machache niliyoongeza, hakugusa hata nukta.

2 Aprili

Mzee Jilala kapiga. Nilisimama kupokea.

"Siku ile nilipobonyeza, maneno yangu yalikwenda wapi?"

"Yapo baba. Mashine iliyarekodi. Hayakutoka."

"Yamekaa humo tangu siku ile?"

"Ndiyo."

"Yatoe."

Nikamwambia kwamba kila mtu anajua sasa, mama alishazikwa, yatawaumiza watu bure. Akasema hakuuliza yatamfanya nani nini. Aliwaita watu kwa ajili ya mkewe, na ule wito haujafika.

12 Aprili

Kamili alilipia simu za wito huo kutoka mfukoni mwake na hakutaka yasemwe, basi nayasema hapa. Tuliwasha tatu kwa kikundi kimoja, mara moja tu.

Nilikuwa kule kijijini, upande wa ng'ambo, nyumbani kwa mama mdogo. Tulikuwa tunachambua choroko. Simu yake ikalia, ya jirani ikalia, na kutoka bondeni nikasikia nyingine na nyingine. Mama mdogo akaweka sikioni. Nilikuwa karibu, nikaisikia sauti ya Mzee Jilala, ya mwezi wa kwanza, ile ambayo bado ilikuwa haijaambiwa na mtu pole: "Klara ametutoka. Tunachimba leo mchana. Njooni ndugu zangu, nisaidieni."

Hakuna aliyekuwa ameambiwa afanye nini. Mama mdogo aliweka ungo chini, akachukua jembe, akanitupia jingine. Njiani tukakutana na wengine, kila mmoja na jembe au na mzigo wa kuni. Mvua imekatika mapema na mbuga imekauka, tulivuka bila kuvua viatu.

Kaburi la Klara lilikuwa limetitia katikati kwa mvua zote zile, msalaba umeinama. Mzee Jilala alikuwa ameketi hapo kwenye kiti, amevaa koti. Tulipanga mstari tukaleta udongo, tukaujaza, tukaushindilia, wanawake wakapika pembeni. Tulipomaliza lilikuwa kaburi lililochimbwa na kijiji.

Alinipungia nikaenda. "Sasa niisikilize hiyo mpya uliyorekodi," akasema, akabonyeza tatu mwenyewe. Sauti yangu ikatoka, bila sukari safari hii, kwa Kisukuma kwanza na kisha kwa Kiswahili:

"Namba tatu tumeiondoa. Hatuwezi kuilipia na haitarudi. Hapa hakuna anayekusikia. Kama una msiba, usiningoje mimi. Toka nje, piga yowe."

Akasikiliza mpaka ikakata. "Ungesema hivi toka mwanzo," akasema, wala hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kisha akanirudishia jembe nililokuwa nimelisahau kwenye udongo wa Klara.